Jivu, Nguruwe na Wataalamu

Msomaji, hapana sifa iliyo rahisi kutolewa kama sifa ya ushirikiano. Kila mkutano wa hadhara hufunguliwa kwa sifa hiyo, na kila risala hufungwa nayo. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na maneno hayo ni kweli tupu; lakini jambo la chawa ni jepesi, maana vidole vyote viwili vyataka neno moja tu, yaani chawa afe. Kazi za elimu si nyepesi hivyo. Humo kidole kimoja chataka kuua, cha pili chataka kupima, cha tatu chataka kujua chawa alitoka wapi, na aghalabu hapana hata kimoja kilichowauliza wenzake kabla ya kazi kuanza.

Katika kurasa hizi nataka tuichungue kazi moja mashuhuri iliyofanywa na wajuzi wa elimu mbalimbali katika Bonde letu la Ufa, kisha tuihukumu. Kuhukumu si kutukana. Mhakiki wa shairi hutazama vina, mizani na maana, akasema palipo pazuri na palipolegea; nasi twaweza kuutazama msafara wa wataalamu kwa macho hayo hayo, tukauliza kila mtu alikuja na matumaini gani, na matumaini hayo yalikutana wapi na yalipishana wapi.

Sisi tukaao Sachangwan, juu ya ukuta wa magharibi wa Bonde, twalima katika mabaki ya volkano bila kulikumbuka jambo hilo. Udongo unaotupa viazi, na zamani uliowapa baba zetu pareto, ulitokana na miamba na majivu yaliyotapikwa na ardhi katika zama ambazo hapakuwa na mtu wa kuzihesabu. Barabara ishukayo kutoka hapa kwenda Salgaa na Nakuru humfikisha msafiri karibu na Menengai, shimo kubwa la volkano lililo juu ya mji. Akiendelea mbele hadi Kariandusi, upande wa Gilgil, ataona mashoka ya mawe ambayo msafara wa Louis Leakey uliyafukua tangu mwaka 1929. Bonde hili ni kitabu, na majivu ndiyo nambari za kurasa zake. Mlima ukilipuka, jivu lake hutanda juu ya nchi kwa muda mfupi. Likifunikwa na udongo mwingine, hubaki kuwa mstari. Kilicho chini ya mstari ni cha zamani kuliko mlipuko, na kilicho juu yake kilikuja baadaye. Mwenye kuujua umri wa jivu ameshika kalenda mkononi.

Ugomvi ninaotaka kuusimulia ulikuwa juu ya jivu moja tu.

Mwaka 1968 Richard Leakey, mwana wa Louis na Mary, akiwa kijana ambaye hajatimiza miaka 24, alianza kuongoza msafara katika nchi kame iliyo mashariki ya ziwa ambalo siku hizo liliitwa Rudolf, nalo tangu mwaka 1975 huitwa Turkana. Mwaka 1969 Kay Behrensmeyer, mwanafunzi wa elimu ya miamba kutoka Marekani, aliona zana za mawe zikitokeza katika tabaka la jivu lililogeuka jiwe. Mahali hapo pakapewa herufi za jina lake, na jivu lenyewe likaitwa KBS. Mawe hayo yalikuwa yamechongwa kwa mikono. Basi swali la kwanza lilikuwa hili: je, mikono hiyo iliishi lini?

Vipande vya jivu vilipelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller, mabingwa wa kupima umri wa miamba kwa njia ya potasiamu na agoni. Njia hiyo, msomaji, yafanana na mtungi uliotegwa chini ya tone. Ndani ya chembe za fuwele za volkano mna potasiamu ya aina fulani ambayo hugeuka polepole ikawa hewa iitwayo agoni. Mwamba ukiwa moto wa kuyeyuka, hewa hiyo huponyoka yote. Ukipoa, mtungi huanza kujaa upya tangu sifuri. Pima maji yaliyomo, hesabu kasi ya tone, utajua mtungi ulitegwa lini. Lakini hila moja imo ndani ya njia hiyo: ikiwa mtu ametega mtungi uliokuwa tayari na maji ya jana, hesabu yote itaharibika, wala mtungi wenyewe hautasema.

Na ndivyo ilivyotokea. Vipimo vya kwanza vilitoa umri wa zaidi ya miaka 200,000,000, umri usiowezekana kwa kitu chenye zana za binadamu. Jivu la KBS halikudondoka kutoka mbinguni likatulia. Lilichukuliwa na maji, na maji yakalichanganya na chembe za miamba mikongwe. Wapimaji wakaomba vipande safi zaidi, wakaletewa, wakapima tena, wakapata miaka 2,600,000 kwa kukadiria. Mwaka 1970 umri huo ulitangazwa.

Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, mmoja wa vijana wa Kenya waliokuwa wakitafuta mifupa chini ya uongozi wa Kamoya Kimeu, aliona vipande vya mfupa katika kijito kikavu. Vilikusanywa vipande zaidi ya 150, vikaungwa kwa subira na Meave Leakey na Alan Walker na wenzao, likatokea fuvu ambalo dunia yote ililijua kwa nambari yake, 1470. Lilikuwa na nafasi ya ubongo kubwa kuliko ilivyotazamiwa kwa kiumbe wa zama hizo, na lilitoka chini ya jivu la KBS. Kama jivu lina miaka 2,600,000, basi fuvu lazima liwe kongwe zaidi. Richard Leakey alipoandika habari zake mwaka 1973 alilikadiria kuwa na miaka kama 2,900,000. Siku chache kabla ya kufa kwake, mwishoni mwa Septemba 1972, mzee Louis Leakey alilishika fuvu hilo mikononi mwake, akaona kwamba maneno aliyoyashikilia maisha yake yote, ya kuwa jamaa ya binadamu ni ya kale kuliko watu walivyodhani, yamethibitishwa. Ni picha ya kugusa moyo. Lakini elimu haiulizi kama moyo umeguswa.

Bila kuwaelewa nguruwe hutauelewa ugomvi. Kaskazini ya ziwa, katika bonde la mto Omo nchini Ethiopia, wataalamu wengine walikuwa wakichimba tangu mwaka 1967, na huko majivu ni mengi, moja juu ya jingine kama ngazi, na umri wake ulikuwa umepimwa vizuri. Nguruwe wa kale walikuwa wengi pande zote mbili za mpaka. Basil Cooke, mjuzi wa nguruwe hao, alijua kwamba katika jamii fulani jino la mwisho la taya lilizidi kurefuka kadiri zama zilivyopita. Kwa hiyo jino la nguruwe nalo lilikuwa saa. Alipolinganisha meno yaliyotoka karibu na jivu la KBS na meno ya Omo, aliona yanafanana na yale ya tabaka zenye umri wa miaka milioni mbili hivi, si zaidi ya milioni mbili na nusu. Saa mbili zikagongana. Wanafunzi wangu hucheka sana wasikiapo kwamba kesi hii ilikuwa kati ya mashine za Uingereza na meno ya nguruwe, na hucheka zaidi wakiambiwa nani alishinda.

Sasa tuache masimulizi kidogo tutazame watu.

Desturi ya wasimuliaji ni kuuonyesha ugomvi huu kama mieleka: huku Leakey na wapimaji wake, kule watu wa nguruwe na maabara ya Marekani, na mwishowe mmoja akaanguka chali. Mimi naona simulizi hilo lina kasoro kubwa. Hao wengi hawakuwa maadui walipoanza. Walikuwa watu wa kazi moja, wengine wakila chakula cha kambi moja. Lililowatenga ni kwamba kila mmoja alikuwa na tumaini lake juu ya kile ambacho wenzake wangemfanyia, na hakuna aliyelitoa tumaini hilo mezani likatazamwa na wote.

Lichukue neno hili moja, "umri". Kwa mpimaji wa maabara, umri ni wa fuwele aliyoiweka ndani ya chombo chake. Zaidi ya hapo hajui wala hadai kujua. Kwa mjuzi wa miamba, umri ni wa tabaka, nalo laweza kuwa na fuwele za zama tatu au nne zilizokokotwa na mto. Kwa mjuzi wa mifupa, umri ni wa fuvu lililo chini ya tabaka, pengine mita nyingi chini yake. Kwa jumba la makumbusho na kwa wafadhili walio ng'ambo, umri ni wa binadamu mwenyewe. Nambari ile moja ilisafiri kutoka kwa wa kwanza hadi kwa wa mwisho, na kila ilipobadilisha mikono iliacha nyuma kipande cha tahadhari yake, kama mzigo wa viazi unaotoka shambani ukiwa umepimwa na kufika sokoni ukiwa lumbesa. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alipokea neno la mwenzake akalielewa kwa lugha ya kwao.

Tazama pia jambo la ulinzi. Wachimbaji si wanafizikia. Kwa hiyo walitazamia kwamba maabara ndiyo itakayolinda ukweli wa nambari. Maabara haikukaa jangwani. Kwa hiyo ilitazamia kwamba wachimbaji ndio watakaohakikisha kuwa vipande vilivyoletwa ni safi na vimetoka mahali palipotajwa. Mlango ulikuwa na walinzi wawili, na kila mmoja alilala akijua mwenzake yu macho. Umri ule wa kwanza wa zaidi ya miaka 200,000,000 ulikuwa mbwa aliyebweka usiku: ulitangaza wazi kwamba jivu hili limechanganyika. Walimsikia, wakabadilisha vipande, kisha wakarudi kulala. Hapa hukumu yangu ni kali kuliko ya wengine niliowasoma, kwa maana onyo lilikuwapo tangu mwanzo, tena ndani ya matokeo yao wenyewe.

Walakini lazima tutende haki. Familia ya Leakey ilikuwa na sababu njema ya kuiamini njia ya potasiamu na agoni. Mwaka 1959 Mary Leakey aliona fuvu maarufu la Olduvai, katika Tanganyika ya siku zile, na mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Berkeley walilipima tabaka lake wakapata miaka 1,750,000. Wataalamu wengi walistaajabu kwa ukubwa wa nambari hiyo, lakini imesimama. Mtu ambaye nyumbani kwao mashine iliwahi kusema jambo la ajabu likawa kweli, atawezaje kuikataa mashine isemapo jambo la ajabu mara ya pili? Tumaini lake halikuwa la kipumbavu. Lilikuwa tumaini la mwenye kumbukumbu nzuri, na kumbukumbu nzuri yaweza kumpoteza mtu sawa na mbaya.

Ilikuwapo na habari ya hadhi, ambayo watu wa elimu hawapendi kuitaja. Nambari itokayo katika mashine huvaa suti. Jino la nguruwe huja na matope miguuni. Wajuzi wa meno walitazamia kwamba ushahidi wao utapimwa sawa na ushahidi wowote, wakajikuta wakiambiwa kwamba kazi yao ni ya kulinganisha tu. Ilisemwa hata kwamba labda nguruwe wa Koobi Fora waliishi katika mazingira tofauti na wale wa Omo, ndiyo maana meno yao hayaafikiani na jivu. Jibu hilo laweza kutolewa, lakini angalia lilivyo gumu kulimeza: nchi hizo mbili ziko kandokando ya ziwa moja, na nguruwe hana habari ya mpaka. Mwaka 1977 John Harris, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mtu wa msafara wa Koobi Fora, pamoja na Tim White, walitoa uchunguzi mpana juu ya nguruwe wa kale wa Afrika, nao ukaunga mkono umri mdogo. Kwa hiyo ufa ulipita katikati ya kambi yenyewe.

Naye kiongozi alitazamia nini? Msafara ule uliishi kwa fedha za wafadhili, na zaidi ya wote Chama cha Jiografia cha Marekani, na mfadhili hapendi kusikia kwamba jambo alilotangaza kwa picha za rangi sasa linatiliwa shaka na nguruwe. Kiongozi wa namna hiyo hutazamia kwamba watu wake wataitetea kambi kwanza, kisha wabishane ndani. Mjuzi hutazamia kinyume chake: kwamba kambi ipo kwa ajili ya ukweli, na mabishano ni kazi yenyewe, si uasi. Matumaini yote mawili yana heshima yake. Hayawezi kukaa nyumba moja bila kuzungumza.

Na hii haikuwa mara ya kwanza katika nchi yetu. Mwaka 1932 Louis Leakey alitangaza mifupa ya Kanam na Kanjera, karibu na Ziwa Victoria, kuwa ya kale sana. Percy Boswell, profesa wa elimu ya miamba kutoka London, alialikwa kuja kuona kwa macho yake, akaja mwaka 1935. Alitazamia kuonyeshwa mahali penyewe, kwa kipimo na ramani, maana kwa mtu wa miamba mfupa usio na mahali ni kama barua isiyo na tarehe. Leakey alikuwa ameweka vigingi vya chuma, navyo havikuonekana tena. Na picha mojawapo aliyokuwa ameitumia ikagunduliwa kuwa si ya mahali pale. Boswell alirudi kwao akaandika maneno makali katika jarida la Nature mwaka ule ule. Leakey alitazamia kuaminiwa kwa kuwa alikuwapo na aliona. Boswell alitazamia kuonyeshwa. Miaka 40 baadaye mtoto akaingia katika mtego wa ukoo ule ule, ingawa safari hii mahali palijulikana barabara na kilichopotea ni usafi wa chembe.

Kipo kitabu kimoja cha Kiingereza ambacho wengi wetu tumelijua jambo hili kwa njia yake, nacho ni Bones of Contention cha Roger Lewin, kilichotoka mwaka 1987. Lewin hakuwa mgeni: miaka 10 kabla yake aliandika kitabu pamoja na Richard Leakey. Nakisifu kitabu hiki kwa kuwa kimeeleza ugomvi wa jivu kwa urefu na bila kumficha rafiki. Kinaonyesha vizuri jinsi mtaalamu anavyouona mfupa kwa jicho ambalo tayari lina fikra ndani yake. Kasoro yake, kwa maoni yangu, ni kwamba uzito wake wote umelalia fikra na majivuno ya mtu mmoja mmoja. Msomaji hulifunga akidhani kwamba kama watu hao wangekuwa wanyenyekevu zaidi, ugomvi usingekuwapo. Sikubali. Waweke wanyenyekevu watano katika kazi moja, kila mmoja akiwa na maana yake ya neno "umri", nao watapotea kwa upole.

Mwisho wa ugomvi wenyewe wasimuliwa upesi. Mwaka 1975 Curtis na wenzake wa Berkeley walipima vipande vya KBS wakapata umri usiofika miaka 2,000,000. Fitch na Miller walipima upya, wakapunguza nambari yao kidogo, lakini wakabaki juu ya milioni mbili na laki nne. Mwaka 1976 njia nyingine ya kupima, ile ya kuhesabu alama za mipasuko ndani ya fuwele, iliunga mkono umri mkubwa, na kwa muda watu wa nguruwe walionekana wameshindwa. Kisha mwaka 1979 Thure Cerling, Frank Brown na wenzao wakafanya jambo la akili sana: badala ya kuuliza umri wa jivu, waliuliza sura yake. Kila mlipuko una kemia yake, kama ukoo ulivyo na pua yake. Kioo cha jivu la KBS kikaonekana kuwa sawa na kile cha tabaka moja la Omo, lile ambalo umri wake ulikuwa ukijulikana. Mwaka 1980 Andrew Gleadow alirudia kuhesabu mipasuko kwa uangalifu zaidi akapata umri mdogo, na Ian McDougall wa Canberra akapima kwa potasiamu na agoni akapata karibu miaka 1,900,000. Leakey aliikubali nambari hiyo. Fuvu 1470 sasa huhesabiwa kuwa na miaka milioni mbili hivi, na halijapungua thamani hata kidogo.

Ugomvi ulikwisha, utaona, siku elimu ya tatu ilipokuja na swali ambalo halikuwa la upande wowote.

Lakini wapo washiriki ambao hata sasa sijawauliza matumaini yao, na wengi wa wasimuliaji hawawaulizi. Ngeneo aliliona fuvu; makala iliyolitangaza mwaka 1973 ilitiwa jina moja tu, la Leakey. Jina la Ngeneo limeandikwa kama la aliyeona, si kama la aliyefahamu. Najua nitajibiwa kwamba kuona si kufahamu. Jibu hilo laweza kutoka kwa mtu ambaye hajapata kutembea katika uwanja wa mawe ya kahawia chini ya jua akijaribu kutenganisha jiwe na mfupa kwa macho matupu. Kamoya Kimeu hakupata masomo marefu ya darasani, lakini ndiye aliyeona mifupa ya binadamu wa Omo mwaka 1967, na mwaka 1984 akaona kipande cha kwanza cha yule mvulana wa Nariokotome ambaye mifupa yake karibu yote ilipatikana. Mwaka 1985 alipewa nishani katika ikulu ya Marekani, na kuna nyani wa kale aliyepewa jina lake. Alifariki mwaka 2022, mwaka ule ule aliofariki Richard Leakey. Heshima hizo zilikuwa za haki. Walakini nishani ni shukrani, na shukrani hupewa aliyesaidia, si jambo moja na kuulizwa, wakati jivu likigombaniwa, "Wewe uliyepita juu ya tabaka hizi miaka yote hii, waonaje?"

Na wapo wafugaji. Mwaka 1973 nchi ile ya mifupa ilifanywa hifadhi ya taifa ya Sibiloi. Kwa mwanasayansi hilo lilikuwa tumaini lililotimia: mifupa haitakanyagwa, mawe hayatachukuliwa. Kwa Wadaasanach na Wagabra waliokuwa wakizungusha mifugo yao katika nchi hiyo kwa kufuata majani na maji, mstari uliochorwa ulikuwa na maana nyingine kabisa. Hawakuwamo katika orodha ya msafara, lakini kazi ilifanyika juu ya malisho yao. Mtu ambaye kazi yafanyika juu ya nchi yake ni mshiriki, atake asitake.

Msomaji wa huku kwetu hatahitaji kwenda Turkana ili kuyaona hayo. Sachangwan nasi tumepata kutembelewa na wageni wenye madaftari. Walikuja kundi moja lenye watu wa udongo, watu wa misitu na watu wa kuuliza maswali nyumba kwa nyumba, wakakaa wiki mbili, wakachukua udongo katika mifuko midogo iliyoandikwa nambari. Walikuwa watu wa adabu. Siku ya kuondoka mzee mmoja aliyekuwa amejibu maswali kwa asubuhi nzima, akiwa ameacha viazi vyake ardhini na dalali akimngoja barabarani, aliuliza kwa upole, "Sasa, wanangu, mbegu zitakuja lini?" Kijana wa udongo akamtazama yule wa maswali, na yule wa maswali akatazama daftari lake. Kijana wa udongo alidhani mwenzake ndiye aliyeeleza kwamba hakuna mbegu. Mwenzake alidhani jambo la mbegu ni la watu wa udongo.

Mzee hakukasirika. Aliwaambia wanywe chai kwanza, gari lisiwaharakishe, kisha akawauliza tena, safari hii mmoja mmoja, akianza na dereva: wewe ulitumwa kuleta nini, na wewe je, na wewe? Nilikuwapo barazani. Yalikuwa mazungumzo ya nusu saa, na kwa nilivyosikia wale vijana walikuwa wakiyasikia majibu ya wenzao kwa mara ya kwanza.